Bati haliungui, kilicho chini yake ndicho kinachoungua

Kamwene wote. Niliahidi somo hili la kuikinga nyumba ya bati na moto wa pori tangu mvua zilipokatika, na sasa nyasi zimekauka hadi kwenye shina, kwa hiyo tuingie kazini.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Kilolo na Mufindi mpaka Njombe na Makete, miti ni pesa, na mwenye robo eka nyuma ya choo hawezi kuiacha wazi. Anapanda paini. Jirani naye anasogeza milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye dirisha la mwenzake. Shamba la miti la serikali la Sao Hill lina barabara za kuzuia moto na watu wa doria. Kile kishamba cha nyuma ya choo hakina hata mtaro. Mwezi wa nane upepo unaanza. Wa tisa na wa kumi watu wanachoma mashamba wakijiandaa kwa mvua za Novemba, na warina asali nao wamo porini na mienge yao. Moto mmoja ukitoroka, jioni hiyo hiyo uko uani kwa mtu.

Swali ninaloulizwa karibu kila ninaposhuka kwenye ngazi ni hili: "Fundi, nimetoa nyasi nimeezeka bati, si nimemalizana na moto?" Nusu ni kweli. Paa la nyasi linamalizwa na cheche moja, bati halimalizwi. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na chuma chenyewe mpaka kupita 1,400, kwa hiyo cheche ikitua juu yake inazimikia hapo. Lakini hakuna anayeishi kwenye bati tupu. Chini yake kuna papi (mbao zinazopigiliwa bati), kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), dari, magunia ya mahindi, magodoro. Moto wa pori hauna haja na bati, unatafuta pa kupita uvifikie hivyo. Leo tunatafuta hapo pa kupita na kupaziba.

Kwanza tuelewane jinsi nyumba inavyoshika moto, maana wengi wanaogopa ule ukuta wa ndimi unaokuja na kelele, wakati mharibifu mkubwa ni cheche. Vipande vya magome, mbegu za paini na vijiti vilivyoshika moto vinabebwa na upepo, wakati mwingine kilomita nzima mbele ya moto wenyewe, vinaangukia kwenye majani makavu yaliyojikusanya pembeni ya nyumba na kukaa hapo vikifukuta. Mji wa Paradise, California, uliungua Novemba 2018, majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Angalia picha zake: kwenye mitaa mingi nyumba imebaki majivu na miti ya paini iliyokuwa pembeni yake imesimama, bado ya kijani. Huo haukuwa ukuta wa moto uliopita, zilikuwa cheche kwanza, kisha nyumba ikaichoma nyumba jirani.

Na mwaka 2023 mwezi Agosti, Lahaina huko Hawaii, watu 100 hivi walikufa na mitaa mizima ikawa majivu, lakini nyumba moja ya mbao, ya miaka karibu 100, ilibaki imesimama na paa lake jekundu. Wenyewe walikuwa wametoka kuifanyia ukarabati. Waliezeka bati zito, kisha wakang'oa maua na vichaka vilivyokuwa vimegusa ukuta na kumwaga mawe kuizunguka nyumba, upana wa pale maji ya paa yanapodondokea. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya moto, walikuwa wanapunguza mchwa. Hilo la mawe lishike, tutalirudia.

Hatua ya 1: Panda ukalione paa lako

Panda asubuhi, bati likiwa limekauka, na viatu vya raba. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ndipo papi zilipo. Ukikanyaga katikati unabonyeza wimbi na hapo maji yatasimama. Fagia majani yote ya paini, hasa kwenye bonde la paa (pale miteremko miwili inapokutana), kwenye kona ya bomba la moshi na nyuma ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa). Majani hayo yana madhara mawili. Kiangazi ni kuni za cheche. Masika yanashikilia unyevu juu ya zinki mpaka kutu inatoboa, ndiyo maana utakuta bati zuri limeoza kwenye bonde tu.

Misumari iliyochomoka ing'oe, weka skrubu yenye raba mahali pale pale. Bati lililolegea upepo unalinyanyua ncha, na moto wa pori huwa hauji bila upepo. Gata nazo zifagiliwe mpaka kwenye bomba la kushushia. Kama ni za plastiki, ujue zikishika moto zinayeyuka na kudondosha takataka zinazowaka pembeni ya ukuta. Za bati ni bora zaidi, lakini za bati zenye majani nazo ni jiko.

Hatua ya 2: Matundu ya mawimbi

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo mafundi wengi tunapopitia haraka.

Bati la mawimbi, au la msauzi, likilazwa juu ya papi ya mwisho linaacha tundu chini ya kila mgongo. Ukiwa chini hulioni, limefichwa na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Fanya hivi: siku ya jua kali, saa sita mchana, ingia darini, mwambie mtu afunge kile kimlango chini yako, kaa kimya gizani dakika mbili macho yazoee. Utaona vijua vidogo vimejipanga ukingoni kote, kama taa za harusi. Kila penye mwanga cheche inaingia. Na mahali zinapoingilia ndipo papi ilipo, tena imekauka kwa jua la miaka, na mara nyingi shomoro au panya kajenga kiota hapo hapo.

Usizibe kila tundu. Dari isiyopumua inatoa jasho asubuhi za baridi ya Juni, maji yanadondokea kenchi, mbao zinaoza, na bati linaanza kula kutu kutoka ndani. Kuna matundu ya kuziba kabisa na matundu ya kuwekea wavu.

Ya kuziba ni yale ya mawimbi. Chukua vipande vya bati vilivyobaki, kata ufuate umbo la wimbi, pigilia kwenye fisha bodi kwa ndani. Ni kazi ya mkasi na uvumilivu. Wapo wanaojaza saruji. Kwenye ukuta ni sawa, lakini usiishindilie saruji mbichi moja kwa moja kwenye bati la aluzinki (lililopakwa aluminiamu na zinki) au la rangi, inakula lile koti la juu. Sifongo za kuzibia zinazouzwa pamoja na bati ni nzuri kwa vumbi na wadudu. Kwa moto nyingi zinayeyuka.

Ya wavu ni matundu ya hewa ya kwenye pembe za paa na chini ya upenu. Wavu uwe wa chuma na matundu yake yasizidi milimita 2. Kipimo chake unacho jikoni: njiti ya kiberiti. Ikipita bila kugusa, tundu ni kubwa. Wavu wa kuku haufai hata kidogo, na wavu wa mbu wa nailoni ukipata joto unajikunja na kuacha dirisha wazi. Mwezi wa sita kila mwaka upige brashi, maana vumbi na buibui wakiuziba utarudi kwenye jasho.

Mwisho ni kofia. Pale kofia inapolalia mawimbi panabaki nafasi ile ile, na watu wanaisahau kwa sababu iko juu. Izibe kwa namna hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Dari yenyewe

Toa kila kinachoungua: viota, kinyesi cha popo, mabua, magazeti, mbao zilizobaki wakati wa ujenzi, mbegu za mahindi zilizoning'inizwa. Najua mahindi yanahifadhiwa darini ili moshi uyakinge na wadudu. Kama huna ghala, basi yabaki juu ya jiko la nje, si juu ya kitanda cha watoto.

Dari za viroba na sandarusi nazizungumzia kwenye maswali, maana nimeshaona mtu kauliza.

Hatua ya 4: Mita moja na nusu

Kama una siku moja tu ya kazi mwaka huu, itumie hapa. Zunguka nyumba yote upana wa mita moja na nusu kutoka ukutani, ondoa kila kinachoweza kuwaka. Nyasi, maua, mabua, ufagio, ndoo za plastiki zilizovunjika, vibao, magome. Acha udongo mtupu, au bora zaidi mwaga kokoto au mawe. Kule Lahaina ndicho walichofanya. Watu wa moto wa California wanausisitiza upana huo huo, futi 5, wakiuita ukanda namba sifuri.

Sababu yake ni rahisi. Cheche zikigonga ukuta zinaanguka miguuni pake. Zikikuta kokoto zinazima, zikikuta majani makavu zinawasha moto mdogo ambao una muda wote wa kulamba mlango, fremu ya dirisha na fisha bodi. Na kokoto zitakusaidia masika pia, tope halirukii ukuta.

Hatua ya 5: Jiko la nyasi na lundo la kuni

Hili linauma kusema. Nyumba kubwa ina bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee, na hatua chache nyuma yake kuna jiko la nje la nyasi, na kati yake na nyumba limepangwa lundo la kuni chini ya upenu ili zisilowe. Cheche itaanguka kwenye nyasi za jiko, na moto wa jiko utapanda moja kwa moja chini ya bati. Hapo hakuna gauge (unene wa bati) itakayokusaidia.

Jiko liezekwe bati, hata lile chakavu ulilolitoa kwenye nyumba. Kuni zikae mita 10 au zaidi kutoka nyumbani, pembeni, si upande unaotoka upepo. Banda la ng'ombe lenye nyasi kavu vivyo hivyo. Dumu la petroli la bodaboda lisilale barazani.

Hatua ya 6: Miti na mteremko

Kutoka mita moja na nusu mpaka mita 10, nyasi zikatwe fupi muda wote wa kiangazi. Panda vitu vibichi unavyovimwagilia: matembele, mboga, kahawa, parachichi. Migomba ni mizuri ukiyatoa majani yaliyokauka. Migomba yenye sketi ya majani makavu ni mwenge.

Kutoka mita 10 mpaka 30, miti inaweza kuwepo ila ipunguzwe na ipogolewe. Kata matawi ya chini mpaka urefu wa mita 2 hivi, kisha uyaondoe, usiyaache chini ya mti. Moto wa nyasi ukikosa matawi ya chini hauna pa kupandia kwenda kileleni. Majaribio yaliyofanywa Kanada kwa kuchoma msitu halisi mbele ya kuta za mbao yalionyesha kwamba ukuta ulio mita 10 kutoka kwenye miti unaweza kuwaka kwa joto peke yake, na ulio mita 30 hauwaki. Ndiyo maana nasema mita 30. Wenye viwanja vidogo mtaniambia hamna mita 30. Najua. Fanya zako, kisha mkae na jirani mfanye zenu.

Milingoti ina ubaya wake wa ziada: inabanduka magome marefu mepesi, yanaruka na upepo yakiwa yanawaka. Yaokotwe mara kwa mara.

Aliyejenga mgongoni mwa mlima aongeze nafasi upande wa bondeni. Moto unapanda mlima mbio kuliko unavyoshuka. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko kasi yake inakaribia kuwa mara mbili.

Hatua ya 7: Maji

Bati linakupa maji ya mvua, basi mwezi wa tano hakikisha tenki limejaa na mwezi wa tisa bado lina kitu. Weka tenki juu ya jukwaa ili maji yashuke yenyewe, kwa sababu siku ya moto nguzo za umeme zinaungua na pampu inakuwa pambo. Chini na pembeni ya tenki la plastiki pawe peupe kabisa. Ndoo mbili, matambara ya pamba, ngazi, jembe na matawi mabichi ya kupigia moto vikae sehemu moja inayojulikana na kila mtu wa nyumbani.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ukiona moshi unakuja na upepo uko kwako, wazee, watoto na wagonjwa waondoke mapema, wasisubiri kuona moto. Piga 114, Zimamoto, na mjulishe mwenyekiti wa kijiji. Ng'ombe na mbuzi wafungulie, wapeleke kwenye shamba lililolimwa au chai mbichi. Funga madirisha na milango yote, toa mapazia madirishani, sukumiza kitambaa kibichi chini ya mlango. Vaa pamba: kitenge, khanga, jinzi. Nguo za nailoni zinayeyukia mwilini.

Ukiambiwa uondoke, ondoka. Nyumba iliyoandaliwa vizuri ina nafasi nzuri ya kupona hata kama hakuna mtu ndani.

Hatua ya 9: Baada ya moto kupita

Nyumba nyingi zinaungua saa kadhaa baadaye, wakati watu wamekaa chini wanashukuru Mungu. Ikishakuwa salama kurudi, ingia darini na tochi, nusa, gusa papi kwa mkono, angalia ukingo wote. Rudia kila baada ya muda mpaka usiku uishe.

Kesho yake chomoa bomba linaloingia kwenye tenki. Majivu yakilowa yanakuwa magadi, yanakula zinki na kuharibu maji ya kunywa. Lioshe bati kwa maji mengi, mvua ya kwanza yote imwagike chini, ndipo urudishe bomba.

MASWALI YA WANACHAMA

Kamwene fundi. Bati langu ni gauge 32, lile la bei rahisi. Nilibadilishe kabla ya mwezi wa tisa?

Kamwene kaka. Hapana. Namba ya gauge ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 32 ni jembamba kweli, linabonyea na kung'ooka misumari upesi. Lakini kwa cheche linafanya kazi ile ile. Pesa ya kubadilisha paa zima inatosha kuziba mawimbi, kununua wavu, kuhamisha jiko na chenji ikabaki. Ukija kujenga nyingine, chukua 28.

Shikamoo fundi. Mimi ni mjane, niko Makete, dari yangu ni ya viroba kwa ajili ya baridi. Sina hela ya jipsam. Nifanyeje?

Marahaba mama, pole na baridi. Viroba ni hatari, tena hata kwa kibatari tu: vikishika vinayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya vitanda. Anza na chumba wanacholala watoto, viondoe. Badala yake waombe vijana wakupangie fito au mianzi, kisha ikandikwe udongo uliochanganywa na majani yaliyokatwa vizuri, safu nyembamba, kwa juu. Udongo hauwaki na unashika joto kuliko kiroba. Sharti kenchi ziwe imara, udongo ni mzito. Fundi wa jirani azikague kwanza. Chumba kitakachobaki bila dari si kibaya kwa moto: cheche ikiingia inaangukia sakafuni, unaiona, unaikanyaga. Iliyojificha juu ya dari ndiyo huioni.

Kuna mzee hapa kijijini anasema bati linavuta radi na mimi nimejenga kilimani. Je, ni kweli?

Radi haichagui bati, inachagua kilicho juu na kilichojitenga. Nyumba ya nyasi kilimani inapigwa sawasawa na ya bati, tofauti ni kwamba ya nyasi inawaka papo hapo. Kwa kuwa uko kilimani, weka fimbo ya radi na waya mnene wa shaba ulioshuka mpaka kwenye udongo wenye unyevu, na shaba isigusane na bati, inaliozesha. Kazi hiyo mpe fundi umeme, usinipe mimi.

Mwalimu habari, niko Molo, Kenya. Nyumba yangu ni ya mbao kuta zote, juu mabati. Haya mambo yananihusu ama nishapotea?

Nzuri sana, karibu. Hujapotea, ile nyumba ya Lahaina ilikuwa ya mbao. Kwako ile mita moja na nusu ni lazima, hakuna mjadala. Kisha shughulikia sehemu ya chini ya ukuta, pale mbao zinapokaribia ardhi: funika kwa mawe, tofali au kipande cha mabati, kimo cha goti. Mbao zilizopasuka na nafasi kati ya ubao na ubao zipigiwe fito nyembamba za mbao au zizibwe, cheche inapenda kulala kwenye ufa. Na kama nyumba imeinuliwa juu ya nguzo, chini ya sakafu kusiwe na kitu hata kimoja, kuzungushiwe wavu. Nimeona huko kwenu watu wanaweka kuni na viazi chini ya sakafu. Viazi hamisha, kuni hamisha haraka zaidi.

Fundi, mchana nyumba ni tanuri na mvua ikinyesha hatusikii hata redio. Nimeshauriwa nibandike sifongo chini ya bati lote. Unasemaje?

Usibandike kabla hujajaribu kipande chake. Kata kidogo, nenda nje, kiwashe kwa kiberiti ukisimama upande unaotoka upepo. Kikiwaka na kuendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, mrudishie muuzaji. Moshi wa sifongo nyingi ni sumu. Iliyo salama ni pamba ya nyuzi za kioo au ya mawe, inalazwa juu ya dari, haiwaki, inapunguza joto na kelele kwa pamoja. Kama bei imekushinda, paka bati rangi nyeupe au ya maziwa, joto litapungua utashangaa. Kelele ya mvua dari ya bodi itaipunguza kiasi. Iliyobaki utaizoea, wenzako wanasema ndiyo wanalala vizuri.

Jirani yangu ana milingoti mpakani, hataki kukata, hataki kupogoa. Nikimwambia anasema nina wivu na miti yake.

Hilo la wivu tumelisikia sote. Usianze na kukata, hapo umemgusa mfukoni. Anza na magome na matawi makavu ya chini, mwambie utayaokota wewe na kuyatumia kama kuni zako. Wachache wanakataa kufanyiwa usafi bure. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kamati ya mazingira ya kijiji, vijiji vingi vina sheria ndogo za moto na mipaka ya mashamba ya miti. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inabana uchomaji ovyo, kwa hiyo siku akichoma shamba bila taarifa una pa kusimamia. Upande wako lima mstari wa mita 3 mpakani, ubaki udongo mtupu mpaka Novemba.

Salamu kutoka Sacramento, California. Huku karibu kila nyumba ina vigae vya lami. Kubadilisha kwenda bati kuna faida?

Salamu kwako. Vigae vya lami vizuri navyo vinaweza kuwa na daraja la A la moto (la juu kabisa la kuhimili moto), kwa hiyo kama paa lako ni zima na halijachakaa usikimbilie kulitoa. Ukifika wakati wa kulibadilisha, bati ni chaguo zuri, ila muulize mkandarasi daraja hilo la A linategemea nini chini ya bati, maana mara nyingine ni tabaka la chini ndilo linalolipa paa daraja hilo. Kabla ya hapo weka matundu ya hewa ya darini yaliyotengenezwa kuzuia cheche, na toa zile chembe za magome mnazomwaga kwenye bustani zikagusa ukuta. Nazishangaa sana kwenye picha zenu, kumwaga kuni zilizosagwa chini ya dirisha kwa hiari.

Kijana wangu anasema moto ukija yeye atapanda juu ya bati na mpira wa maji. Nimruhusu?

Usimruhusu. Bati lililolowa linateleza, moshi utamziba macho, na kwenye nyumba nyingi waya wa umeme umepita juu ya paa pale pale. Zaidi ya hayo anamwagilia kitu kisichoungua. Maji ni machache, ayamwage kwenye fremu za milango, kwenye mlango wa jiko na kwenye majani yaliyoshindikana kufagiwa. Akiwa na nguvu za ziada mpe jembe.

Nina paneli za sola juu ya bati, upande unaotazama paini. Nizitoe?

Usizitoe, ila angalia chini yake. Kati ya paneli na bati kuna nafasi ya vidole vichache na majani ya paini yanapenda kuingia humo, ndege nao wanajenga. Funga wavu wa chuma pembeni zote, wa matundu yale yale ya njiti ya kiberiti, na ufagie kabla hujaufunga. Kagua pia tundu waya unapoingilia kwenye bati, mafundi wengi wanatoboa kubwa kuliko waya na kuliacha hivyo. Nipigie picha ya hapo, na ya upande wa juu wa paneli, uzitume hapa nione.